Hundi Iliyozuiwa na Akaunti Inayosoma Hasi

Hundi inapowekwa benki, fedha zake hupita hatua tatu ambazo wateja wengi huzichukulia kuwa moja. Kwanza, kiasi cha hundi huandikwa kwenye akaunti. Pili, benki huruhusu kiasi hicho kitumike. Tatu, benki ambako hundi inatakiwa kulipwa hulipa au hukataa. Hatua hizi hazitokei siku moja, na katika mwanya uliopo kati yake huzaliwa mambo mawili yanayowasumbua sana wenye akaunti nchini Marekani: fedha kuzuiwa baada ya kuwekwa, na makato ya ovadrafti, yaani ada anayotozwa mteja pale matumizi yanapozidi salio.

Marekani ni nchi ambayo hundi ya karatasi haijatoweka. Waajiri wadogo hulipa mishahara kwa hundi, wenye nyumba hupokea kodi kwa hundi, na kampuni za bima hutuma fidia kwa hundi kupitia posta. Mhamiaji aliyetoka Nairobi, Dar es Salaam au Bukavu, aliyezoea fedha za simu, huingia katika mfumo ambao fedha zinaweza kuonekana kwenye skrini siku kadhaa kabla ya kuwa zake za kutumia. Asipoujua mpangilio wa siku hizo, hujikuta analipia ada kwa sababu ya fedha ambazo tayari amezipokea.

Kwa nini benki huzuia fedha

Hundi ni agizo la maandishi: mwenye akaunti anaiambia benki yake imlipe mtu fulani kiasi fulani. Benki inayoipokea hundi hiyo kutoka kwa mteja haijui kama akaunti ya mwandishi ina fedha, kama saini ni ya kweli, au kama malipo yamesimamishwa. Jibu hutoka kwa benki ya mwandishi wa hundi peke yake. Benki ikimpa mteja fedha kabla ya jibu hilo, kwa hakika inamkopesha, na hundi ikirudi bila kulipwa italazimika kumdai.

Zamani kungojea huko kulikuwa na sababu ya wazi. Karatasi yenyewe ilisafirishwa kwa lori na ndege kutoka benki moja hadi nyingine, wakati mwingine kuvuka bara zima. Lakini benki nyingi zilizuia fedha hata baada ya kulipwa na benki nyingine, na wateja walingoja wiki nzima au zaidi huku benki ikinufaika na fedha zao. Malalamiko hayo yalilifanya Bunge la Marekani kupitisha sheria ya mwaka 1987 ya kuharakisha upatikanaji wa fedha. Federal Reserve, benki kuu ya nchi hiyo, iliifafanua sheria hiyo kwa kanuni inayojulikana kama Kanuni ya CC, iliyoanza kutumika Septemba 1988.

Mabadiliko ya pili yalitokana na msiba. Baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, ndege zilizuiwa kuruka na mamilioni ya hundi yakakwama viwanjani. Mwaka 2003 Bunge lilipitisha sheria ijulikanayo kama Check 21, iliyoanza kazi Oktoba 28, 2004, na ambayo inaruhusu picha ya hundi kuchukua nafasi ya karatasi. Leo hundi nyingi husafiri kama picha na hufika benki ya pili usiku uleule. Vipindi vya kuzuia fedha vimefupishwa, lakini havijafutwa, kwa sababu safari ya karatasi ilikuwa sehemu moja tu ya tatizo. Hundi yenye picha safi bado inaweza kukosa fedha nyuma yake.

Siku zilizowekwa na sheria

Kanuni ya CC huhesabu kwa siku za kazi za benki, yaani Jumatatu hadi Ijumaa, ukiondoa sikukuu za taifa. Benki pia huweka saa ya mwisho ya kupokea kwa hesabu ya siku hiyo. Kwenye tawi saa hiyo haiwezi kuwa mapema kuliko saa nane mchana, na kwenye mashine ya ATM haiwezi kuwa mapema kuliko saa sita. Hundi iliyowekwa baada ya saa hiyo huhesabiwa kuwa imewekwa siku ya kazi inayofuata. Ndiyo maana hundi ya Ijumaa jioni huhesabiwa kuwa ya Jumatatu.

Zipo fedha zinazopaswa kupatikana siku ya kazi inayofuata. Miongoni mwake ni noti taslimu zilizokabidhiwa kwa keshia, mishahara na malipo mengine yanayoingia kielektroniki, hundi za Hazina ya Marekani, hundi za benki ileile ambako zimewekwa, na pia, kama zimekabidhiwa dirishani na mlipwaji mwenyewe, hawala za posta ya Marekani na hundi zilizotolewa na benki kwa jina lake yenyewe. Noti zilizowekwa kwenye ATM ya benki ya mteja hupatikana kufikia siku ya pili ya kazi.

Hundi za kawaida hugawanywa. Tangu Julai 1, 2025, dola 275 za kwanza kati ya hundi zote alizoweka mteja siku moja lazima zipatikane siku ya kazi inayofuata. Kiasi hicho kilikuwa dola 225 kabla ya tarehe hiyo. Zilizobaki lazima ziwe tayari kufikia siku ya pili ya kazi. Hundi iliyowekwa kwenye ATM isiyo ya benki ya mteja inaweza kuzuiwa hadi siku ya tano.

Hivyo ni viwango vya juu vya kungoja. Benki nyingi hutoa fedha mapema zaidi kwa wateja wanaoaminika, na hapo ndipo wengi hupotoka: mteja aliyezoea kupata hundi zake kesho yake hudhani hiyo ni haki, kumbe ni hisani ambayo benki inaweza kuiondoa kwa hundi moja.

Sheria pia imeorodhesha hali zinazoruhusu zuio refu. Ya kwanza ni akaunti mpya, yaani iliyo ndani ya siku 30 za mwanzo, ambapo hundi za kawaida hazina kikomo cha kisheria cha kuzuiwa. Ya pili ni hundi kubwa: sehemu inayozidi dola 6,725 kwa siku inaweza kuzuiwa zaidi. Ya tatu ni hundi iliyorudi bila kulipwa na kuwekwa tena. Ya nne ni akaunti ambayo imekuwa ikisoma hasi mara kwa mara, kwa mfano siku 6 au zaidi za kibenki ndani ya miezi 6. Ya tano ni pale benki inapokuwa na sababu ya msingi ya kuamini kwamba hundi haitalipwa. Ya sita ni dharura kama vile mawasiliano ya benki kukatika. Katika hali hizi, isipokuwa ile ya akaunti mpya, nyongeza inayokubalika kwa kawaida ni siku 5 za kazi juu ya zile 2, na hivyo jumla huwa siku 7.

Benki haiwezi kurefusha zuio la aina hiyo kimyakimya. Inatakiwa kumpa mteja taarifa ya maandishi inayotaja sababu, kiasi kilichozuiwa na siku ambayo fedha zitapatikana. Kama hundi imekabidhiwa kwa mfanyakazi wa benki, taarifa hutolewa papo hapo. Kama imewekwa kwenye mashine, au sababu imejulikana baadaye, taarifa hutumwa kwa kawaida kufikia siku ya kazi inayofuata.

Hundi inayowekwa kwa kupigwa picha na simu ni suala la pembeni kidogo. Muda wake hutawaliwa zaidi na mkataba wa benki na mteja. Benki huweka viwango vyake vya juu kwa siku na kwa mwezi, na programu ya simu huonyesha tarehe ya kupatikana kwa fedha kabla mteja hajabonyeza kitufe cha mwisho. Tarehe hiyo ndiyo ya kuangaliwa kuliko ujumbe wa kuthibitisha kwamba hundi imepokelewa.

Masalio mawili kwenye akaunti moja

Kwa kuwa fedha zinaweza kuwa zimeandikwa bila kuruhusiwa kutumika, akaunti huwa na masalio mawili. La kwanza ni jumla ya kila kilichoandikwa. La pili ni salio linaloweza kutumika, baada ya kuondoa fedha zilizozuiwa na matumizi ya kadi ambayo bado hayajakamilika. Benki nyingi huamua makato ya ovadrafti kwa kutazama salio la pili, ilhali macho ya mteja huwa kwenye la kwanza.

Mfano wa mfanyakazi wa ghala unaonyesha jinsi jambo hili linavyokwenda. Ijumaa saa kumi na mbili jioni anaweka hundi ya mshahara ya dola 900 kwenye ATM ya benki yake. Akaunti ilikuwa na dola 60, na sasa jumla inasoma 960. Lakini saa ya mwisho ya mashine imepita, hivyo kisheria hundi imewekwa Jumatatu. Dola 275 zitapatikana Jumanne na dola 625 Jumatano.

Jumamosi ananunua chakula kwa kadi, dola 48. Fedha zinazotumika zinabaki 12. Jumatatu kampuni ya simu inavuta dola 55 kama ilivyoidhinishwa kila mwezi. Benki inalipa, akaunti inasoma hasi 43, na ada ya dola 35 inaishusha hadi hasi 78. Jumanne zinaingia dola 275 na salio linapanda hadi 197, lakini siku hiyohiyo bima ya gari inavuta 220. Akaunti inarudi hasi 23, inakatwa 35 nyingine na kufika hasi 58. Jumatano zinapoachiliwa dola 625 zilizobaki, mfanyakazi ana dola 567 badala ya 637.

Makato ya pili katika mfano huu yamezaliwa na ya kwanza. Kama ada ya Jumatatu isingekuwepo, Jumanne kungekuwa na dola 232, zinazotosha bima na kubakiza 12. Isitoshe, siku za kusoma hasi zinaandikwa. Zikifika 6 ndani ya miezi 6, benki inapata ruhusa ya kisheria ya kuzuia hundi zinazofuata kwa muda mrefu zaidi, na zuio hilo refu linaongeza uwezekano wa ovadrafti nyingine. Mambo haya mawili, ambayo vipeperushi vya benki huyaeleza kwenye kurasa tofauti, hulishana.

Ovadrafti ni mkopo wa namna gani

Ovadrafti ilianza kama upendeleo kwa mfanyabiashara. Mwaka 1728 benki ya Royal Bank of Scotland mjini Edinburgh ilimruhusu mfanyabiashara William Hog kutoa pauni 1,000 zaidi ya alizokuwa nazo, na tukio hilo huhesabiwa kuwa ovadrafti ya kwanza. Alilipa riba kwa alichokopa.

Afrika Mashariki ya leo inaijua huduma hii kwenye simu. Fuliza, iliyoanzishwa Kenya na Safaricom pamoja na benki washirika mwaka 2019, hukamilisha muamala hata salio linapopungua. Mteja hutozwa asilimia moja ya kiasi alichoongezewa pamoja na ada ya kila siku kulingana na ukubwa wa deni, na fedha zinazoingia baadaye hulipa deni kwanza. Songesha ya Vodacom Tanzania hufanya kazi inayofanana na hiyo.

Ovadrafti ya kawaida ya benki za Marekani ina tofauti kubwa moja: ada yake ni kiasi kimoja kwa kila muamala, bila kujali mteja amepungukiwa na dola 3 au 300. Kwa miaka mingi kiasi hicho kilikuwa kama dola 35. Mwaka 2014 shirika la serikali la kulinda watumiaji wa huduma za fedha, CFPB, lilibaini kwamba ovadrafti nyingi za kadi zilitokana na manunuzi ya dola 24 au pungufu, na nyingi zililipwa ndani ya siku 3. Mtu anayekopa dola 24 kwa siku 3 na kulipa ada ya dola 34 anakopa kwa riba ya mwaka inayozidi asilimia 17,000. Utafiti huo ulionyesha pia kwamba takriban asilimia 8 ya akaunti ndizo zilizobeba karibu asilimia 75 ya makato yote. Mzigo huo, kwa hiyo, hauwaangukii wateja wote sawasawa.

Ada zenyewe ni za aina tatu. Ada ya ovadrafti hutozwa benki inapolipa muamala licha ya upungufu. Ada ya kukosa fedha hutozwa benki inapoukataa, kwa mfano hundi inaporudishwa, na hapo aliyeandikiwa hundi anaweza kumtoza mwandishi ada yake pia. Ya tatu hutozwa na baadhi ya benki pale akaunti inapokaa hasi kwa siku kadhaa mfululizo.

Mpangilio wa miamala

Ukubwa wa makato hutegemea pia mpangilio ambao benki inafuata kuandika miamala ya siku. Akaunti yenye dola 100 inaweza kutumiwa kwa mfuatano huu: 5, 8, 12, 20, kisha 95. Zikiandikwa kama zilivyofanyika, nne za kwanza zinapita na ya 95 peke yake inazidi salio. Makato ni mara moja. Zikiandikwa kuanzia kubwa hadi ndogo, ya 95 inapita, zinabaki dola 5, na miamala minne iliyosalia yote inakuwa ovadrafti. Kwa ada ya dola 35, mteja aliyestahili kukatwa 35 anakatwa 140.

Benki kadhaa kubwa zilitumia mpangilio huo wa pili, zikidai kwamba malipo makubwa kama kodi ya nyumba ndiyo muhimu zaidi kwa mteja. Katika kesi ya Gutierrez dhidi ya Wells Fargo, Jaji William Alsup wa mahakama ya shirikisho jimboni California aliamua Agosti 2010 kwamba mpangilio huo ulilenga kuongeza makato, akaamuru wateja walipwe takriban dola milioni 203. Mwaka 2011 Bank of America ilikubali kulipa dola milioni 410 kumaliza madai ya aina hiyohiyo. Baada ya kesi hizo benki nyingi zilibadili mpangilio, lakini kila benki bado ina wake, na umeandikwa kwenye mkataba wa akaunti.

Kadi nazo zina zuio lake. Mtu anapochomeka kadi kwenye pampu ya mafuta, kituo hakijui atajaza kiasi gani, kwa hiyo huomba idhini ya kiasi cha makadirio. Mwaka 2022 mitandao ya Visa na Mastercard ilipandisha kikomo cha idhini hiyo hadi dola 175. Dereva anayejaza mafuta ya dola 30 anaweza kuwa na dola 175 zilizofungwa kwa saa kadhaa au zaidi, na malipo mengine yakigonga akaunti muda huo, salio linalotumika halitoshi. Hoteli na wakodishaji wa magari hufanya vivyo hivyo. Kulipia mafuta ndani, kwa keshia, kwa kiasi kilichotajwa kabla, huondoa tatizo hilo.

Kuna pia muamala unaoidhinishwa salio likiwa linatosha, kisha ukakamilika siku mbili baadaye salio likiwa limepungua. Baadhi ya benki zilitoza ada kwa muamala wa aina hiyo, ingawa mteja alikuwa na fedha wakati wa kununua. Septemba 2022 CFPB iliiamuru Regions Bank kurejesha kwa wateja angalau dola milioni 141 na kulipa faini ya dola milioni 50 kwa makato ya namna hiyo.

Fedha kupatikana si hundi kulipwa

Sheria inayomharakishia mteja fedha zake ina upande wa hatari. Benki hulazimika kuachilia fedha za hundi ndani ya siku 2 za kazi, lakini hundi ya kughushi inaweza kugunduliwa wiki kadhaa baadaye. Fedha zikishatumika na hundi ikarudi, anayedaiwa ni mteja aliyeiweka. Benki huondoa kiasi chote kwenye akaunti, hata kama akaunti itasoma hasi kwa maelfu ya dola.

Matapeli huishi ndani ya nafasi hiyo. Mtu anayetafuta kazi hupokea hundi ya dola 2,400 akiambiwa achukue 400 za ujira na kutuma 2,000 kwa "mgavi wa vifaa", mara nyingi kwa kadi za zawadi au kwa uhamisho usiorudishika. Muuzaji wa sofa hulipwa zaidi ya bei na kuombwa arejeshe ziada. Hundi huonekana halisi, na mara nyingine huwa imechapishwa kwa jina na namba za akaunti ya kampuni iliyopo kweli. Fedha zikipatikana kesho yake, aliyelengwa huamini hundi imepita. Hakuna biashara ya kweli inayomtumia mtu hundi na kumtaka arudishe sehemu yake. Kwa hundi ya mtu asiyejulikana, njia ya uhakika zaidi ni kupiga simu kwenye benki inayotajwa kwenye hundi, kwa namba iliyopatikana kwingine na si ile iliyochapwa juu yake.

Mageuzi ya sheria na ya benki

Tangu mwaka 2010, chini ya kanuni ya malipo ya kielektroniki iitwayo Kanuni ya E, benki haiwezi kutoza ada ya ovadrafti kwa muamala wa ATM au ununuzi wa mara moja wa kadi bila mteja kuridhia waziwazi mapema. Asiporidhia, kadi hukataliwa tu dukani. Ridhaa hiyo inaweza kufutwa wakati wowote. Kinga hii haihusu hundi, wala malipo yanayovutwa kila mwezi kama bima na simu. Hayo benki inaweza kuyalipa na kuyatoza hata bila ridhaa.

Kuanzia mwaka 2021 ushindani na shinikizo la umma vilizisukuma benki zenyewe. Ally ilifuta ada za ovadrafti mwaka 2021, Capital One na Citibank zikafuata mwaka 2022, na Bank of America ilishusha ada yake kutoka dola 35 hadi 10 mwaka huohuo. Kwa takwimu za CFPB, mapato ya benki kutokana na ada za ovadrafti na za kukosa fedha yalishuka kutoka takriban dola bilioni 12 mwaka 2019 hadi kama bilioni 5.8 mwaka 2023.

Desemba 2024 CFPB ilitangaza kanuni kwa benki zenye mali inayozidi dola bilioni 10: zichague kutoza dola 5, au kiasi kinachofidia gharama zao tu, au ziihesabu ovadrafti kuwa mkopo na kutangaza riba yake. Kanuni hiyo haikuwahi kuanza kazi. Bunge liliibatilisha, na azimio hilo lilitiwa saini na rais Mei 2025. Kwa hiyo kiwango cha ada kimebaki mikononi mwa kila benki, na tofauti kati ya benki moja na nyingine ni kubwa.

Hatua za mteja

Kinga ya kwanza ni mshahara kuingia kielektroniki. Malipo ya aina hiyo hayazuiwi kama hundi, na waajiri wengi huyakubali kwa fomu moja. Pale hundi haikwepeki, kuipeleka kwa keshia kabla ya saa ya mwisho, siku isiyokaribia mwisho wa wiki, hupunguza siku za kungoja. Swali la kumwuliza keshia ni moja: fedha zote za hundi hii zitaweza kutumika tarehe ngapi? Jibu la "imeshaingia" halijibu swali hilo.

Kinga ya pili ni kupanga malipo yanayovutwa. Kampuni nyingi za simu, umeme na bima hukubali kubadilisha tarehe ya kuvuta fedha. Kuisogeza siku tatu au nne baada ya siku ya mshahara huacha nafasi kwa zuio na sikukuu. Ujumbe wa simu wa kuonya salio likishuka chini ya kiwango fulani haugharimu kitu katika benki nyingi.

Ya tatu ni kufuta ridhaa ya ovadrafti ya kadi, na kuunganisha akaunti ya matumizi na ya akiba, ili upungufu uzibwe na fedha za mteja mwenyewe. Ya nne ni kuchagua akaunti isiyo na ovadrafti. Akaunti zilizoidhinishwa chini ya mpango wa Bank On, ambao viwango vyake vya kitaifa vilitolewa mwaka 2015, hazina makato ya ovadrafti wala ya kukosa fedha, na zipo katika benki na vyama vya akiba na mikopo katika majimbo mengi.

Makato yakishatokea, benki nyingi husamehe ya kwanza ikiombwa, hasa kwa mteja asiye na historia nayo. Ombi huwa na nguvu zaidi likiambatana na tarehe: hundi iliwekwa lini, taarifa ya zuio ilitolewa lini, fedha ziliachiliwa lini. Kanuni ya CC inaipa hoja hiyo uzito wa kisheria katika hali moja muhimu. Benki ikizuia hundi kwa madai kwamba huenda haitalipwa, isipompa mteja taarifa wakati wa kuweka, na hundi ikalipwa baadaye, haina haki ya kubaki na ada za ovadrafti zilizosababishwa na zuio hilo. Hurejeshwa mteja anapozidai. Benki ikikataa, malalamiko yanaweza kupelekwa CFPB au kwa msimamizi wa benki husika.

Akaunti iliyo hasi haipaswi kutelekezwa. Benki ikiifunga na deni likiwa halijalipwa, taarifa huweza kupelekwa ChexSystems, kampuni inayotunza kumbukumbu za akaunti ambazo benki huzitazama kabla ya kumpokea mteja mpya. Kumbukumbu hukaa huko kwa kawaida miaka 5, na katika muda huo maombi ya akaunti mpya yanaweza kukataliwa mlangoni. Sheria humpa kila mtu haki ya kuomba nakala ya kumbukumbu zake bila malipo na kupinga zilizo na makosa. Deni likilipwa, benki iliyopeleka taarifa hutakiwa kusahihisha kumbukumbu zionyeshe hivyo, na barua ya benki inayothibitisha malipo hayo ndiyo hati ya kutunza kwa ajili ya akaunti inayofuata.